Msiniambie nisubiri, niambieni shimo liko wapi

Nimekuwa kimya hapa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeoa au nimehama nchi. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa nakimbizana na shilingi laki mbili na elfu arobaini zilizopotea njiani kati ya simu yangu hapa Sinza na simu ya mdogo wangu kule Songea.

Ilikuwa Jumatatu ya Oktoba, saa mbili asubuhi. Dogo amepata chuo, anatakiwa alipie kitanda cha hosteli kabla ya Ijumaa. Nikabonyeza, nikaweka namba ya siri, nikasubiri. Salio likakatwa. Ujumbe ukaja: muamala wako unashughulikiwa. Upande wa pili kimya. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki wao dakika kumi na nane, kisha binti mwenye sauti nzuri akaniambia: "Kaka, ni tatizo la mtandao, subiri saa 72." Zilipopita 72 wakaniambia suala langu limepelekwa kitengo husika. Pesa zilirudi siku ya tisa, bila neno la maelezo. Kitanda kilishachukuliwa na mwingine. Dogo sasa amepanga geto na wenzake watatu, na anaamka saa kumi alfajiri ili awahi kipindi cha kwanza.

Kampuni siitaji. Woga upo kidogo, sikatai, lakini sababu kubwa ni kwamba hata ningebadilisha jina la kampuni hadithi ingebaki ileile, na wengi wenu mnaosoma hapa mna ya kwenu.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi kuliko pesa zenyewe. Jioni ya siku ileile nilipita kwa dada wa kibandani, wakala wetu wa pale kona. Nikamweleza. Akacheka kwa uchungu, akafungua kaunta buku lake: "Wewe ni wa nne leo. Wote mlituma kutoka mtandao huu kwenda ule, wote asubuhi." Kisha akanionyesha kipande cha boksi alichokining'iniza mbele ya kibanda tangu saa nne, kimeandikwa kwa maka peni nyekundu: LEO USITUME KWENDA MTANDAO ULE. Mimi nilituma nikiwa kitandani, boksi sikuliona. Lakini fikirieni. Dada mwenye meza moja na mwavuli alishajua shimo liko wapi saa mbili baada ya watu wake wa kwanza kutumbukia. Kampuni yenye ghorofa nzima ya wahandisi ilikuwa bado inaniambia nisubiri.

Katika zile siku tisa, rafiki yangu aliyesoma kompyuta pale Mlimani akanitumia makala ya kisayansi na maneno machache: "Soma, ugonjwa wako una jina." Nikaisoma mara tatu. Hesabu zake nusu zilinipita kushoto, nakiri, mimi ni mtu wa habari. Lakini niliyoelewa yalinifanya nikasirike upya.

Wataalamu wanaliita shimo jeusi, wameazima jina kwa wanaanga. Chora mtandao wowote kama vituo vilivyounganishwa kwa njia. Kituo kimoja ni kibovu: chochote kinachoingia kinaangamia, hakiachi alama wala kelele. Kutoka nje kinafanana na vingine vyote. Kazi ni kukipata. Unatuma mawakala, yaani programu ndogo zinazohama zenyewe kutoka kituo hadi kituo (usimfikirie dada wa kibandani kwanza, tutarudi kwake). Wakala akiingia shimoni amekufa. Swali lao kubwa ni hili: unahitaji mawakala wangapi, na wafanye nini, ili angalau mmoja abaki hai akijua shimo liko wapi?

Watu kama Stefan Dobrev, Paola Flocchini, Giuseppe Prencipe na Nicola Santoro wamekuwa wakilitafuna swali hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walichoanza nacho ni rahisi hata kwa mimi: wakala mmoja hatoshi kamwe. Akikosea mlango anakufa, na anakufa na habari yake. Wawili wanatosha kama vituo vimepangwa kwa duara, kama pete, ila kwa sharti la mwendo wa tahadhari. Kabla hujaingia mlango usioujua, unaandika kwenye ubao wa kituo ulichopo: nimepita hapa, usinifuate. Ukikuta upande wa pili ni salama, unarudi kufuta yale maneno na kuandika kwamba njia ni nzuri. Usiporudi, maandishi yanabaki, na mwenzako akifika hapo haingii. Kwa hiyo mlango mmoja hauui wawili. Shimo linabaki kuwa shimo, wala hakuna anayelipigia simu huduma kwa wateja, lakini kila kifo kinalipiwa kwa taarifa.

Na lile boksi la dada ni nini kama siyo huo ubao? Hajasoma makala ya mtu yeyote. Watu wanne wamepotea kwenye mlango mmoja, ameandika mlangoni.

Twende kwenye neno "subiri", maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Wataalamu hawa wanatenganisha mitandao ya aina mbili. Kuna mtandao ambao kila hatua ina muda wake unaojulikana. Humo mambo ni mepesi: mwenzako ameingia, alitakiwa arudi ndani ya hatua mbili, hajarudi, basi amekufa na shimo ni pale. Halafu kuna mtandao ambao muda hauna mwisho, safari ya kituo kimoja inaweza kuchukua sekunde au wiki. Humo huwezi kamwe kutofautisha aliyekufa na aliyechelewa. Labda ameangamia, labda amepanda daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Kinachobaki ni kutafuta kwa kuondoa: ukague vituo vingine vyote, kinachosalia ndicho. Kwa hilo lazima ujue jumla ya vituo, na lazima pasiwe na kituo ambacho kikitoka mtandao unakatika vipande viwili. Usipojua jumla, hutajua lini umemaliza kukagua.

Soma tena hapo uone jinsi tunavyochezewa. Mtu anaposema "subiri" bila kusema mpaka lini, au anaposema saa 72 halafu zikifika anaongeza, anauhamisha mtandao kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili. Muda ukishaondolewa, pesa yangu haijapotea tena, imechelewa tu. Siku ya tano imechelewa. Siku ya nane imechelewa. Hakuna siku ambayo mteja ana haki ya kusema hapa pana shimo. Jumla ya vituo nayo hatuambiwi: muamala wangu unapita mikono mingapi kati ya Sinza na Songea? Nimeuliza kwa barua pepe, nikajibiwa ni taarifa za ndani za kibiashara. Sawa. Mteja hana muda, hana idadi, na kila mmoja anaambiwa ni tatizo la namba yake. Hayo ndiyo mazingira ambayo wanahesabu wamethibitisha kwamba kumpata mhusika haiwezekani. Sisemi kuna mtu alikaa kwenye kikao akayapanga hivyo. Nasema yana faida kwa upande mmoja tu, na upande huo hauna haraka ya kuyabadilisha.

Niliwahi kumbana mhandisi mmoja kwenye mkutano na waandishi. Akatabasamu vile wanavyotabasamu wakiona daftari la mwandishi wa habari: "Ndugu yangu, mtandao ni kitu hai, unabadilika kila sekunde. Njia inakatika, nyingine inafunguka. Huwezi kunyooshea kidole kituo kimoja." Wenzangu wakaandika. Mimi pia niliandika, nikaona ana hoja.

Hana. Makala niliyotumiwa ni ya mwaka 2021, ya Flocchini, Prencipe na Santoro wakiwa na Giuseppe Di Luna, na inashughulika na swali hilohilo: shimo kwenye pete ambayo njia zake zinabadilika. Tena hawakujipendelea. Walikubali kwamba yupo adui anayewaona, na kila hatua anachagua njia moja ya kuikata, yoyote, pale itakapowaumiza zaidi. Sasa mwenzako asiporudi unabaki na mashaka mawili: amekufa, au adui amekata njia yake ya kurudi? Wawili hawatoshi tena. Wanatakiwa watatu. Watatu tu, ndugu zangu! Kwa pete inayobadilika, na adui mwenye hila anayekata njia moja kila hatua, jibu likawa ni kuongeza mmoja.

Na kuna kitu kingine humo ambacho ningependa kibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya huduma kwa wateja. Walilinganisha mawakala wanaoweza kupashana habari wakikutana au kuonana tu, na mawakala wanaoweza kuacha alama kwenye vituo, hata jiwe dogo tu la kuonyesha nilipita. Wa kwanza, kazi inakua kama mraba wa idadi ya vituo. Wa pili, inakua kama idadi hiyo mara kipeuo chake cha pili, yaani mzizi wake. Kwa pete ya vituo 100, ukiacha vizidishi vya hapa na pale, ni tofauti ya 10,000 na 1,000. Wakala hajaongezwa nguvu wala akili. Ameruhusiwa kuacha alama.

Mnaweza kusema hayo ni ya kwenye karatasi. Haya, tukumbushane ya duniani. Februari 2008 serikali ya Pakistan iliamuru YouTube ifungwe nchini humo. Tarehe 24 Pakistan Telecom ikazielekeza ruta zake zione kwamba njia ya YouTube inaishia kwake, ili ikifika itupwe. Tangazo hilo likavuja kwenda kwa kampuni iliyokuwa inawauzia njia ya nje, PCCW ya Hong Kong, nayo ikalipitisha kwa dunia. Kwa kuwa lilitaja kundi dogo na mahususi zaidi la anwani, ruta za kila mahali zikaliamini kuliko tangazo halali la YouTube. Watu wa mabara mengine wakifungua YouTube, maombi yao yakasafiri hadi Pakistan yakafia huko. Shimo jeusi lenyewe. Lilianza saa 3:47 usiku kwa saa zetu. Saa 5:07 YouTube ikaanza kujibu kwa tangazo lake dogo. Saa 6:01 PCCW ikaondoa lile la uongo.

Nimezijuaje dakika zote hizo, wakati dakika za laki mbili na arobaini yangu sizijui? Kwa sababu RIPE NCC, taasisi iliyoko Amsterdam, ina mashine zinazosikiliza matangazo ya njia za intaneti na kuyahifadhi, na yeyote anaweza kwenda kuyasoma. Kulikuwa na ubao. Waliokosea walikosea mbele za watu, na saa zao zimeandikwa.

Hata ile amri ndogo ya traceroute, aliyoiandika Van Jacobson miaka ya 1980 ikielekea mwishoni, imejengwa kwa mantiki hii. Inatuma pakiti iliyopangiwa kufa kwenye kituo cha kwanza, kisha nyingine ifie cha pili, kisha cha tatu, na kila kituo kinachoua kinatakiwa kurudisha ujumbe: imefia kwangu. Kituo kikikataa kujibu unaona nyota tatu kwenye kioo. Nyota tatu hazithibitishi kwamba hapo ndipo shimo, ruta nyingine ni nzima ila zimefungwa mdomo. Lakini angalau umeonyeshwa wapi ukimya umeanzia.

Tusichanganye, mkonga kukatika ni jambo jingine. Mei 12, 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, lakini kila mtu alijua njia imekatika. Ukipeleka mzigo barabara iliyokatika, dereva anarudi na mzigo. Shimo linapokea mzigo, linakusainia karatasi, halafu linakuuliza mzigo gani.

Nitakuwa muungwana kwa upande wa pili, kidogo. Pete ya wanahesabu ina shimo moja lisilohama, mawakala wao hawasemi uongo, na hakuna anayewauliza gharama. Mfumo wa kutuma pesa una tabaka nyingi, makampuni mawili au matatu, na hitilafu zinazokuja na kuondoka kabla hujazishika. Hiyo ni kweli. Lakini geuza hoja uone inavyowageukia. Wanahesabu wanafanya kazi gizani kabisa: mawakala wao hawaoni ndani ya kituo mpaka waingie. Kampuni ina taa. Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, kila mashine iliyoupokea imeandika saa ya kuupokea. Wao hawana haja ya kumtuma mtu afe ili wajue. Gizani tupo sisi.

Na hapa ndipo nilipokasirika kweli. Kwenye makala zile idadi ya watakaopotea inahesabiwa kabla ya safari, na ugomvi wa wataalamu ni jinsi ya kuipunguza. Kwetu mawakala wa kutafuta shimo ni wateja. Hatukuambiwa kwamba ndiyo kazi tuliyopewa. Tunatumbukia mmoja mmoja, asubuhi nzima, kwenye mlango uleule, mpaka malalamiko yanapofika idadi inayomshtua mtu fulani ofisini. Wa nne asingetumbukia kama wa kwanza angeachiwa nafasi ya kuandika mlangoni. Mimi nilikuwa wa nne, tena wa nne kwa kibanda kimoja cha Sinza. Piga hesabu mwenyewe kwa vibanda vya Dar.

Sisi waandishi tusijitoe. Nilipeleka habari hii chumba cha habari, maneno kama mia sita, na dada wa kibandani ndani yake. Iliyotoka ilikuwa aya moja ikimnukuu msemaji kwamba kulikuwa na "changamoto ya kiufundi" na imeshughulikiwa. (Siku hizi tatizo limekufa Tanzania, kila kitu changamoto. Nyumba ikiungua ni changamoto ya joto.) Ukurasa wa pili yake ulikuwa tangazo zima la rangi la simu. Mhariri wangu ni mtu mwema na ana watoto wa kusomesha. Lakini gazeti lilipaswa kuwa ubao, na siku hiyo tulifuta.

Ninachodai si mapinduzi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaipa Benki Kuu mamlaka ya kuisimamia mifumo hii. Basi uwekwe muda ambao ukifika muamala unahesabika umepotea, na pesa inarudi yenyewe, bila mteja kupiga simu na kusikiliza muziki. Iwe saa chache, iwe siku moja, sitabishana sana, ila ukifika umefika. Na kuwe na ubao wa wazi mtandaoni: tarehe, saa, kutoka mtandao gani kwenda upi, miamala mingapi haijafika. Majina ya wateja hayahitajiki, siri za biashara hazihitajiki. TCRA tayari hutoa takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, laini ngapi, watumiaji wangapi. Hizo ni hesabu za walioingia. Mimi nataka na za ambao hawakutoka.

Najua kampuni zitasema ubao wa namna hiyo utawatisha wateja. Sasa lile boksi pale kona limemtisha nani? Watu waliliona, wakatuma kwa njia nyingine, wakaenda makazini. Aliyepigwa ni yule ambaye hakuliona.

Mpaka hapo tumeanza wenyewe. Dada wa kibandani anaandika kwenye kaunta buku, rafiki yangu wa Mlimani anaziingiza kwenye kompyuta, mimi nazunguka kuuliza. Tuna wiki tatu sasa. Nikipata za kutosha nitaziweka hapa jinsi zilivyo, kampuni zote kwa usawa, na nitaziomba zijibu kabla sijachapisha.

Kama muamala wako umewahi kupotea, niandikie: tarehe, saa uliyotuma, ulituma kutoka mtandao upi kwenda upi, na pesa ilirudi baada ya muda gani au haikurudi. Namba yako ya simu siitaki, na namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata mimi. Aliyetuma asubuhi ya Jumatatu ile ya Oktoba, kati ya saa mbili na saa nne, aanze yeye.